KUTOA NI MOYO: GHARAMA YA ZAWADI ZA KRISMASI KWA MWANACHAMA NA KWA CHAMA

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi na vyama vya akiba na mikopo)

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, wala si utajiri. Hata hivyo, ifikapo wiki ya pili ya Desemba, methali hiyo husahauliwa katika ofisi za vyama vingi vya akiba na mikopo. Foleni hurefuka mlangoni na fomu za mikopo huisha. Penye nafasi ya kueleza sababu ya mkopo, mmoja huandika "matengenezo ya nyumba", wa pili "biashara ndogo ndogo", na wa tatu "matibabu". Katibu aliyezaliwa na kukulia kijijini hapo hujua fika kwamba nyumba haitatengenezwa na kwamba mgonjwa hayupo. Fedha zile zinakwenda kununua vitenge, mablanketi, viatu vya watoto wa shangazi, simu ya shemeji, na kinywaji cha wageni ambao hawajulikani idadi.

Mazungumzo haya hayakusudii kuzima furaha ya sikukuu ya mtu yeyote. Binadamu asiyetoa zawadi hafai kuwa mwanaushirika, maana ushirika wenyewe ni kupeana. Linalozungumzwa hapa ni jambo moja tu: zawadi iliyonunuliwa kwa mkopo ina mlipaji, na mara nyingi mlipaji huyo si yule aliyeitoa. Aghalabu ni mtoto anayekwenda shule mwezi wa Januari, au ni mwanachama mwenzake atakayekuja kuomba mkopo wa mbolea na kukuta kasha tupu.

KUPIMANA KWA MIZIGO

Mfano ulio wazi ni ule wa Mkoa wa Kilimanjaro. Kila Desemba Wachaga waishio Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kwa wingi. Mabasi hujaa, na barabara za Marangu, Machame, Kibosho na Rombo husongwa na magari. Desturi hii ni njema na haina budi kuheshimiwa. Ni wakati ambapo ukoo hukutana, wachumba hutambulishwa, wagomvi husuluhishwa, na wazee huwaona wajukuu ambao huenda wasiwaone tena.

Lakini ubavuni mwa desturi hiyo njema imeota desturi nyingine, nayo ni ya kupimana kwa mizigo. Anayeteremka garini hutazamwa mikononi kabla ya kutazamwa usoni. Aliyeleta mablanketi mawili mwaka jana hutarajiwa kuleta matatu mwaka huu. Aliyekuja na basi huonekana ameshindwa na maisha, hata kama huko mjini analipa madeni yake yote kwa wakati. Basi wako waliokodi magari ili waonekane wanayo, na wako wasiorudi kabisa kwa miaka mitatu au minne kwa kuona haya ya kurudi mikono mitupu. Mzee anayemngoja mwanawe getini, akaambiwa kwamba mwanawe haji kwa kuwa hana zawadi, amepata hasara kuliko blanketi lolote.

Wala si wa mjini peke yao. Mkulima aliyebaki shambani naye hutaka kuwapokea ndugu zake kwa heshima. Huchinja mnyama aliyekuwa akiba yake, hupika mbege kwa mapipa, kisha huenda chamani kukopa fedha za kuwafungashia wageni mizigo ya kurudi nayo. Hivyo aliyekopa mjini hukutana na aliyekopa kijijini, wakabadilishana zawadi, na baada ya wiki moja kila mmoja anabaki na deni lake.

HESABU YA MKOPO MMOJA

Katibu mwema humsaidia mwanachama kuiona hesabu kabla ya kutia sahihi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwanachama amekopa shilingi 600,000 mwezi wa Desemba, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, alipe kwa miezi 12. Kila mwezi atarejesha shilingi 50,000 za mtaji pamoja na riba. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 9,000. Mwezi wa mwisho ni shilingi 750. Jumla ya riba kwa mwaka ni shilingi 58,500, na jumla ya malipo ni shilingi 658,500.

Mwanachama atasema kwamba riba hiyo si kubwa, naye atakuwa amesema kweli. Gharama kubwa imejificha mahali pengine, nayo ni ya namna tatu.

Kwanza, marejesho huanza Januari, mwezi ule ule wa sare, madaftari, viatu na michango ya chakula cha shule. Shilingi 59,000 za kwanza hutolewa katika mfuko ambao tayari umetoboka.

Pili, na hili ndilo husahauliwa zaidi, mwanachama amekwisha kuitumia haki yake ya kukopa. Vyama vingi humruhusu mwanachama kukopa kwa kiwango kinachofuata akiba yake, mathalani mara mbili au mara tatu ya akiba. Februari inapofika, wakati wa kutafuta mbegu na mbolea kabla ya mvua za masika za mwezi wa Machi, huyu hawezi kukopa tena. Mahindi yake yatapandwa bila mbolea, na kahawa yake itabaki bila kupogolewa kwa kuwa hana ujira wa kumlipa mtu. Pungufu la mavuno hayo halimo katika leja yoyote, lakini ni deni la kweli, nalo lilianzia kwenye kifurushi chenye utepe.

Tatu, malipo ya mwisho yanaangukia Desemba ifuatayo. Yaani siku anapomaliza Krismasi ya mwaka uliopita, Krismasi nyingine iko mlangoni. Asipoangalia, atakuwa mtumwa wa sikukuu maisha yake yote, akilipa ya jana ili akope ya leo. Ndiyo maana wahenga wakanena: kukopa harusi, kulipa matanga.

FEDHA ZA NANI?

Chama cha akiba na mikopo hakina mgodi wa fedha. Kila shilingi inayotoka dirishani iliingia kwa mkono wa mwanachama fulani. Iko ya mjane aliyeuza ndizi. Iko ya kijana anayejiwekea aanze maisha. Iko ya Mwislamu asiyesherehekea Krismasi, kama ambavyo wakati wa Idi akiba ya Mkristo humsaidia Mwislamu. Wanachama 40 wakichukua shilingi 600,000 kila mmoja katika wiki mbili, chama kimetoa shilingi 24,000,000. Kama fedha hizo zingekwenda kwenye mitamba, mashine za kushonea au pembejeo, zingezaa na kurudi. Zikienda kwenye vitu vinavyoliwa na kuchakaa, zitarudi iwapo tu mkopaji ana mapato mengine. Asipokuwa nayo, wadhamini wake ndio watakaokatwa. Hapo ndipo undugu uliokusudiwa kujengwa kwa zawadi unapovunjwa na deni la zawadi hiyo hiyo.

Yafaa kukumbuka ushirika ulikoanzia. Waanzilishi wa Rochdale, huko Uingereza, walifungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane jioni ya tarehe 21 Desemba 1844, siku nne tu kabla ya Krismasi. Walikuwa watu 28, miongoni mwao wafumaji maskini, na mtaji wao ulikuwa pauni 28, uliokusanywa kwa michango midogo ya peni mbili kwa wiki. Msimu ule maduka ya Uingereza yalikuwa yameanza kuijua biashara ya Krismasi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mwaka 1843, kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilikuwa imechapishwa London kwa agizo la Henry Cole, ikauzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza, yaani peni 12. Kadi moja ilikuwa sawa na michango ya wiki sita ya mfumaji wa Rochdale.

Je, wanaushirika wale waliweka nini dukani siku nne kabla ya Krismasi? Waliweka unga wa ngano, siagi, sukari, unga wa shayiri na mishumaa. Basi. Tena waliweka sharti kwamba hakuna atakayekopeshwa. Kila mmoja atalipa taslimu. Sharti hilo halikutokana na ugumu wa moyo. Katika mji ule ule duka jingine la ushirika lilikuwa limefunguliwa mwaka 1833 na kufungwa mwaka 1835, likiwa limeangushwa na madeni ya wanachama wake. Wale 28 walijifunza kwa msiba huo kwamba chama kinachoshindwa kukataa hakidumu kuweza kusaidia.

ZAWADI ISIYOMFAA MPOKEAJI

Iko hasara nyingine ambayo haitokani na mkopo bali na zawadi yenyewe. Mwaka 1993 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha uchunguzi kuhusu zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu zawadi walizopokea ziligharimu kiasi gani, na wao wenyewe wanaziona zina thamani gani, mbali na thamani ya mapenzi. Aligundua kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tatu ya thamani ilikuwa imepotea njiani. Aliyetoa alilipa nyingi. Aliyepokea alifaidi kidogo. Tena zawadi za marafiki wa karibu zilipoteza kidogo, lakini za jamaa wasiomjua sana mpokeaji zilipoteza zaidi.

Jambo hilo halihitaji chuo kikuu ili lieleweke. Mama aliyeko kijijini ana mablanketi manne kabatini, mawili hayajafunguliwa. Alichohitaji ni mabati mawili ya kuziba jiko linalovuja, au dawa ya kuku, au mtu wa kumpeleka hospitali ya wilaya kupimwa macho. Mwanawe hakuuliza, maana zawadi ya kuulizia haina kishindo. Basi analetewa blanketi la tano, anashukuru kwa machozi, na mvua inaendelea kuingia jikoni. Mtoaji amelipa, chama kimekopesha, na shida ya mama iko pale pale.

ZAWADI ISIYOKATALIKA

Hapana budi kutaja pia aina moja ya zawadi ambayo inawahusu viongozi wa vyama. Mwaka 1912 mabibi wawili wa mji wa New York, Eleanor Belmont na Anne Morgan, waliunda chama cha kuzuia utoaji wa zawadi zisizo na maana. Kilio kilichowaamsha kilikuwa cha wanawake wafanyakazi wa madukani. Kila Krismasi wasichana hao wa mishahara midogo walitakiwa kuchanga fedha ili kuwanunulia zawadi wasimamizi wao. Aliyekataa kuchanga aliogopa kuonekana mkaidi. Watu wengi walijiunga na chama hicho, akiwamo Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi mwaka 1909.

Wanawake wale walikuwa wametambua jambo ambalo kila chama kinapaswa kulitambua: zawadi ambayo mtu hawezi kukataa kuitoa si zawadi, ni ushuru. Mwanachama anapopeleka jogoo kwa mjumbe wa kamati ya mikopo mwezi wa Desemba, huenda ametoa kwa moyo. Lakini mwanachama wa pili, akimwona wa kwanza amepata mkopo, ataona naye hana budi kupeleka jogoo. Wa tatu atapeleka mbuzi. Mwanachama wa nne, ambaye hana jogoo wala mbuzi, ataacha kuomba mkopo ambao ni haki yake. Kiongozi anayepokea hatasema kwamba ameomba rushwa, na kweli hakuomba; lakini amekwisha kuupandisha bei mkopo wa chama. Yafaa kiongozi wa ushirika ashukuru, asipokee, na aeleze sababu mbele ya watu ili asiyeleta kitu asiogope.

YAFAAYO KUTENDWA

Kulalamika hakujengi chama. Haya matano yanaweza kutendwa na chama chochote, kikubwa au kidogo.

1. Hesabu ya sikukuu ifanywe mapema, mwezi wa Septemba au Oktoba, katika mikutano ya elimu ya wanachama. Kila kaya iandike itawapa nani, kitu gani, na kwa fedha zipi. Orodha iliyoandikwa Oktoba huwa fupi kuliko ile inayokumbukwa dukani tarehe 23 Desemba.

2. Kianzishwe kitabu cha akiba ya sikukuu. Wazo hili si geni. Mwaka 1909 benki moja ya mji wa Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliwafungulia wateja wake akaunti za kuweka kidogo kidogo mwaka mzima na kuzitoa karibu na Krismasi, na mtindo huo ukaenea kwingi. Mwanachama anayeweka shilingi 20,000 kwa mwezi kuanzia Januari hadi Novemba atakuwa na shilingi 220,000 zake mwenyewe, zisizodaiwa na mtu. Mkulima asiye na mshahara anaweza kukubali kwa maandishi akatwe kiasi kidogo anapolipwa kahawa yake. Akiuza kilo 500 na kukatwa shilingi 200 kwa kilo, amepata shilingi 100,000 bila kuumia.

3. Akiba hiyo itengwe na kulindwa. Mwezi wa Oktoba 2006, huko Uingereza, kampuni ya Farepak iliyokuwa ikikusanya akiba za Krismasi za watu wa kipato kidogo ilianguka. Zaidi ya watu 100,000 walikosa sikukuu waliyoilipia mwaka mzima, kwa kuwa fedha zao hazikutengwa; zilipoteana pamoja na fedha za kundi la makampuni lililoimiliki Farepak. Akiba ya sikukuu isitumike kulipia mafuta ya gari la chama, wala isishikwe na mtu mmoja nyumbani kwake. Iwe na leja yake, stakabadhi kwa kila shilingi, na salio lisomwe mbele ya wanachama.

4. Kamati ya mikopo iulize maswali mawili kwa kila ombi la Desemba: je, marejesho ya Januari na Februari yatatoka wapi, na je, mwanachama atabakiwa na haki ya kukopa pembejeo? Ikiwa masharti ya chama hayaweki kikomo kwa mikopo ya sikukuu, mkutano mkuu unaweza kukiweka. Kadhalika mwanachama aruhusiwe kuandika "sikukuu" kwenye fomu bila kuona haya. Mkopo mdogo ulioombwa kwa ukweli ni salama kuliko mkubwa ulioombwa kwa uongo.

5. Familia zikubaliane. Ndugu watano wanaoleta zawadi tano zisizohitajika wanaweza kuchanga na kuleta moja inayohitajika: tangi la maji, mtamba, au paa la jiko la mama. Pale masharti ya chama yanaporuhusu, mjomba anaweza kumfungulia mpwa wake akaunti ya akiba ya mtoto. Gari la plastiki huvunjika kabla ya Mwaka Mpya, lakini akiba haiozi.

JANI LA SALE

Katika mila za Wachaga uko mmea uitwao sale, ambao hupandwa mipakani mwa vihamba. Mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani la sale na kwenda nalo kuomba msamaha. Anayeletewa jani hilo ni vigumu kumkataa aliyelileta, kwa kuwa linachukuliwa kuwa neno zito kuliko maneno. Jani hilo haliuzwi dukani. Halihitaji mkopo, mdhamini wala gari la kukodi. Hata hivyo limemaliza magomvi ambayo mablanketi mia yasingeyamaliza.

Wazee waliolipa jani thamani hiyo hawakuwa wachoyo, wala hawakukosa mali ya kutoa. Walijua kwamba zawadi hupimwa kwa kile inachokifanya kati ya watu wawili. Mwana anayerudi na basi, akakaa siku tano, akafyeka kihamba, akaziba paa na kuketi jioni na baba yake, ameleta zawadi. Mwenzake aliyeshusha mizigo asubuhi na kuondoka alasiri kwa sababu gari la watu linadaiwa, naye ameleta vitu.

Ndugu Makatibu, mwezi wa Desemba katibu ndiye aliyeketi kati ya mwanachama na Januari yake. Akimpa fomu bila neno, amemhudumia kwa dakika tano. Akimkalisha, akampigia hesabu na kumweleza kwa adabu, huenda mwanachama akakasirika siku hiyo. Lakini mwezi wa Machi, mvua itakapoanza na mbolea ikiwa imo ghalani, mwanachama huyo ataelewa ni zawadi gani aliyopewa pale dirishani.